Wawili Waliopishana Njiani



Usiku mmoja baada ya darsa ya Isha vijana watatu walibaki msikitini wakibishana kwa sauti ya chini. Nilipowauliza wana nini, mmoja wao alinionyesha kipande cha filamu ya Kihindi katika simu yake, akaniomba niwaamulie. Huenda ukashangaa: sheikh na sinema wapi na wapi? Mimi sikuitwa kuisifu sinema, wala simtumi mtu kwenda kuitazama. Niliulizwa swali la dini lililovishwa nguo ya mfano, na mwalimu akiulizwa hana budi kujibu, kwani swali asilolijibu mwalimu hujibiwa na mtaa.

Filamu yenyewe ni Devdas, ile iliyotengenezwa na Bimal Roy mwaka 1955. Asili yake ni kitabu cha mwandishi wa Kibengali, Sarat Chandra Chattopadhyay, kilichotoka mwaka 1917, na imekwisha kufanywa filamu mara nyingi, ya mwanzo ikiwa ya mwaka 1928, zama za sinema zisizokuwa na sauti. Watu wa makamo wa pwani yetu wanalijua jina hilo, maana filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza watu Unguja, Mombasa na Dar es Salaam.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Devdas ni mtoto wa tajiri wa ardhi. Paro ni binti wa jirani, wamekua pamoja na wanapendana. Wazee wa kijana wanaikataa posa kwa kuiona nyumba ya binti kuwa ni ya chini. Paro anaolewa na mzee mjane mwenye watoto wakubwa. Devdas anakwenda Calcutta, anaanza kulewa, na huko anajuana na Chandramukhi, mwanamke mchezaji ngoma, ambaye kwa ajili yake anaiacha kazi ile na maisha yale. Lakini Devdas haiachi chupa. Ini linaharibika, na mwishowe anakata roho nje ya lango la nyumba ya mumewe Paro, na lango limefungwa.

Kipande walichokuwa wakikibishania vijana ni kifupi, na hakina neno hata moja. Paro amechukuliwa katika machela, anapita njia ya shamba. Chandramukhi anakuja kwa miguu kutoka upande wa pili. Wanapokaribiana wanatazamana. Hawajuani. Kila mmoja anamkazia macho mwenziwe kana kwamba anataka kuuliza kitu, kisha machela inapita, na mwenye miguu anashika njia yake. Basi. Katika kitabu wanawake hawa hawakutani. Katika filamu ya mwaka 2002 wamekutanishwa, wakasemezana na kucheza pamoja. Bimal Roy aliwakutanisha akawanyima maneno.

Kijana wa kwanza alisema: "Maana yake ni kadari. Wote watatu waliandikiwa." Wa pili akasema: "Maana yake ni mapenzi. Wanawake wawili wanampenda mtu mmoja, na mapenzi hayana kosa." Wa tatu akasema: "Makosa ni ya wazee waliokataa posa."

Nianze na wa tatu, kwani ana sehemu ya haki. Wazee wale walikosa. Kumkataa mchumba kwa ukoo au kwa mali ni kiburi, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuangalia dini na tabia. Lakini kosa la baba ni mlango tu. Aliyeingia ni mtoto mwenyewe. Paro alimwendea Devdas usiku, akaiweka heshima yake mikononi mwake, naye akashindwa kusimama. Kisha akamwandikia barua ya kumkana. Kisha, alipojuta na kuona amechelewa, alimpiga usoni hadi damu ikatoka, akamwachia kovu. Yote hayo aliyafanya hajalewa. Chupa ilikuja baadaye, ikamkuta mtu aliyekwisha kuzoea kuyakimbia mambo yake.

Huyu wa kwanza anayesema kadari, namkumbusha kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham akapata khabari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu lake, kwa maana yake, ni kuwa anaondoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kadari ni imani ya kumtuliza mtu baada ya kujitahidi. Anayeitumia kabla ya kujitahidi ameigeuza mto wa kulalia. Katika njia ile ya shamba Devdas alikuwa yu hai bado. Kumwambia mtu aliye hai kwamba amekwisha kuandikiwa ni kumfungia lango kabla hajafika.

Sasa tumwendee wa pili, na hapa ndipo penye uzito. Jee, mapenzi hayana kosa? Tazama tena kipande kile, ndugu msomaji, utaona kwamba mlevi mwenyewe hayumo. Tunawaona wawili waliochoka kwa ajili yake. Mlevi aghalabu hujitetea kwa kusema, "Najidhuru mwenyewe, nakudhuru wewe?" Njia ile inamjibu. Sura ya al-Maida, aya ya 90 na 91, baada ya kuuita ulevi uchafu katika kazi za shetani, inatueleza kuwa shetani anataka kwa ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Angalia mpango wake: baina ya watu kwanza. Madhara ya ulevi hayakai tumboni mwa mlevi. Hutoka yakapiga hodi nyumba baada ya nyumba.

Wala Qur'ani haikukana kuwa kuna tamu ndani yake. Sura ya al-Baqara, aya ya 219, inakiri kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Ndipo baadaye ukakatazwa wakati wa sala, katika Sura ya an-Nisaa, kisha ukakatazwa moja kwa moja. Mola aliyewaumba watu alijua kuwa aliyezoea hang'oki kwa siku moja, akawapandisha ngazi kwa ngazi. Sharia imekwisha kamilika, na haramu ni haramu. Lakini hekima ya ngazi imebakia kwa anayemtibu mgonjwa.

Na mapenzi? Yako, lakini hayatoshi. Katika Sahih Bukhari imepokewa khabari ya mtu mmoja jina lake Abdullah, akiitwa kwa utani Himar, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alikuwa mlevi, akiletwa na kutiwa adabu. Siku moja alipoletwa tena, mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Zingatia sana, ndugu msomaji. Mtu yule alikuwa na mapenzi yaliyo bora kuliko mapenzi yote, na juu ya hayo alikuwa akilewa. Mapenzi yake hayakumwondolea adabu, na adabu haikumwondolea ushahidi wa mapenzi. Sisi tumegawanyika makundi mawili: wako wanaompenda mlevi wakamfichia kosa, na wako wanaolichukia kosa wakamlaani mwenyewe. Mtume wetu alikataa yote mawili kwa wakati mmoja.

Hayo ndiyo niliyowajibu vijana, wakaridhika. Lakini mimi mwenyewe sikulala, na sababu ya kuandika makala haya ni hiyo.

Miaka kadhaa nyuma alinijia mama mmoja siku ya Jumatatu. Mwanawe alikuwa akivuta unga. Aliniomba dua, akaniapisha nisimwambie mkwewe, kwani mkwewe alidhani mumewe ana kifua. Alhamisi ile ile akaja mke. Mumewe amekwisha kuuza masufuria, na usiku halali nyumbani. Akaniomba dua, akaniapisha nisimwambie mama mkwe, maana amemwambia kuwa mwanawe amepata kazi ya usiku. Mama alijua unga ulianza lini na kwa sababu gani. Mke alijua anaununua wapi na kwa fedha gani. Kila mmoja alikuwa na nusu ya khabari, na mbele ya mwenziwe akitabasamu. Nami niliyekuwa na nusu zote mbili nilizihifadhi, nikaona nimetunza amana. Kijana akafa kabla ya mwaka kwisha. Matangani nilipewa khabari kuwa wale wawili walikaa mkeka mmoja wakatazamana, wasiweze kusema.

Nilipokitazama kile kipande katika simu, niliwaona hao.

Kwa hivyo hii ndiyo tafsiri yangu. Wanawake wale hawakushindwa kwa uchache wa mapenzi. Mmoja alikuwa na ahadi ya Devdas kwamba atafika mlangoni pake kabla ya kufa. Mwingine aliujua ulevi wake. Lau wangesimama wakaulizana, "Dada, unamtafuta nani?", huenda lango lile lingalikuwa na mtu wa kulifungua. Aibu ndiyo iliyowapitisha.

Utaniambia, na sitara jee? Naam, sitara ni amri. Lakini sitara ni kumfunika mwenzio mbele ya asiyehusika. Kumfunika mbele ya walio na haki na uwezo wa kumwokoa ni kumvika sanda angali hai. Na amana ya siri haivunjwi kwa kumwomba mwenyewe ruhusa ya kuisema. Mimi ningaliweza kumwambia kila mmoja: "Niruhusu niwakalishe pamoja." Sikusema. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Basi ewe mama, ewe mke, ewe ndugu mwenye mgonjwa wa namna hii ndani: keti na mwenzio leo. Mpelekeni hospitali. Wako wanaodhani kuwa dawa ni kinyume cha toba, siyo. Tangu mwaka 2011 Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa unga, ngazi ya kuwashusha taratibu, na Kenya nayo ikafuata. Dawa huutuliza mwili ili moyo upate nafasi ya kutubu. Na mke aliyedhuriwa asifungwe kwa neno subira. Kanuni ya fiqhi ni kuwa madhara huondolewa, na mlango wa kadhi uko wazi. Subira ni kusimama katika haki, si kukaa chini ya dhulma.

Na wewe uliyekamatwa na kilevi, usiseme hakuna anayekutafuta. Huenda sasa hivi wako wawili njiani kwa ajili yako, wamepishana, na hukuwaona. Toba ni yako peke yako. Hapana anayependa kiasi cha kuweza kutubu badala yako. Lakini mlango wa Mola wako haufungwi maadam roho haijafika kooni.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, zifungue ndimi zetu katika kheri, na utusamehe tulionyamaza palipotaka neno. Amin.