Kipimo cha Mtoto Mchanga

Msomaji, mahindi yakipimwa kwa pishi mbili zisizolingana, yakaonekana mengi hapa na machache pale, kosa si la mahindi. Jambo hili ni wazi sokoni. Je, ni wazi pia mtoto mchanga anapopimwa ili ijulikane kama anakua sawasawa?

Wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Arnold Gesell, waliwachunguza watoto wa kwao, wakaandika umri wa kuketi, kutambaa, kusimama na kushika vitu. Orodha hizo zikawa pishi, nazo zikasafirishwa hata Afrika.

Mwaka wa 1976 Charles Super alitangaza habari za watoto wa Kipsigis wa Kokwet, katika Kenya. Waliketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa muda wa kama mwezi mmoja, lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu ilionekana katika malezi. Wazazi wa Kokwet waliwafundisha watoto kuketi, hata kwa kuwachimbia kishimo cha kuwategemeza mgongo. Kutambaa hawakukutilia mkazo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi mtoto yule yule angesifiwa kwa swali moja, na kwa swali jingine asipate sifa yoyote.

Hapa pana hatari. Mtoto ambaye hajapata kushika kitabu cha picha, akishindwa nacho, huonyesha asilolizoea, wala haonyeshi upungufu wa akili. Kumwita mzito ni kumdhulumu asiyeweza kujitetea. Hata sisi walimu tu wepesi wa kutamka neno hilo, na mtoto hulibeba miaka mingi.

Je, tutupe vipimo vyote? La. Yuko mtoto asiyesikia, na yuko aliyeumizwa ubongo na malaria. Wasipopimwa, shida yao yaweza kufichika mpaka wakati mzuri wa kuwasaidia upite. Hiyo nayo ni dhuluma. Iliyo haki ni kuitengeneza pishi. Katika Kilifi watafiti walitunga kipimo cha watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichotangazwa mwaka wa 2008, wakafuata mambo yaliyozoeleka kwa watoto wa huko.

Kesho huenda wewe ukawa mzazi, mwalimu au mwuguzi. Kabla ya kuuliza mtoto amepata alama ngapi, uliza kwanza: pishi hii ilichongwa wapi, na kwa kupimia nafaka ya nani?