Mwanamke wa Tatu

Mtoto akizaliwa mlegevu, asiweze kushika shingo, kisha akafa, na wa pili akamfuata, maneno huanza barazani: mke yule ana mkosi. Kabla hujamhukumu, sikiliza habari ya chembe za mwili.

Chembe hai ni kama nyumba yenye watumishi wake. Mna kiini kinachohifadhi maagizo ya urithi, mna ribosomu zijengazo protini, mna lisosomu zivunjazo taka. Chembe ya jani la mnazi imezidi: ina ukuta mgumu wa selulosi, ghala kubwa la maji, na kloroplasti za kijani zinazotengeneza sukari kwa nuru ya jua. Sisi hatunazo, ndiyo maana twahitaji kula. Lakini jiko letu na mnazi ni namna moja, nalo ni mitokondria. Humo chakula huunguzwa polepole kwa oksijeni, ikapatikana nguvu. Moyo, ubongo na misuli vyataka nguvu nyingi, kwa hiyo jiko likiharibika ndivyo viumiavyo sana.

Jiko hili lina jeni zake lenyewe, 37, mbali na zile elfu ishirini hivi za kiini. Hizo 37 mtoto huzipata katika yai la mama. Za baba kwa kawaida hazipiti. Mama aweza kuwa mzima kabisa kwa kuwa mabovu yake ni machache, kumbe yai moja limebeba mengi. Hakuchagua. Tena ubovu mwingine wa jiko hilo watokana na jeni za kiini, na humo baba naye ana fungu lake. Sasa mkosi uko wapi?

Uingereza iliruhusu kwa sheria, mwaka 2015, yai la mwanamke mwingine litumike. Kiini chatoka kwa baba na mama, mitokondria zatoka kwa yule mfadhili. Julai 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza watoto wanane waliozaliwa kwa njia hiyo. Kuhalalisha au kuharamisha nawaachia wanazuoni katika mabaraza yao. Mimi nauliza habari ya mtoto aliyekwisha zaliwa: mwanamke yule ni nani kwake?

Wako wasemao si kitu, jeni 37 katika elfu ishirini. Hesabu hiyo hainiridhishi. Sisi Mashafii twajua kuwa manyonyo matano, ndani ya miaka miwili ya kwanza, hayampi mtoto nasaba wala urithi, na hata hivyo humfanya ndugu wa ziwa asiyeoleka. Haki haikupimwa kwa wingi wa maziwa. Sisemi kwamba mfadhili ni mama wa ziwa, maana hakunyonyesha. Nasema tu kwamba alichotoa si kidogo: msichana aliyekipokea atakipitisha kwa binti zake, na binti zake kwa wajukuu.

Na ziwa hutolewa hadharani. Mtaa mzima wajua nani alimnyonyesha nani. Sheria ya Uingereza haimhesabu mfadhili kuwa mzazi, na hapo sina ugomvi nayo. Lakini mtoto akifika miaka 16 aweza kupewa habari za mwanamke huyo, jina lake hapewi. Hapo ndipo mimi na sheria hiyo twaachana njia.