Mpiga Mbiu Asiadhibiwe

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Neno hilo laambiwa mgonjwa. Lakini jirani je, ambaye akisikia tu kwamba mwenzake augua humfungia mlango, yeye aambiwe nini? Siku hizi swali hili ni la mataifa.

Tarehe 24 Novemba 2021, Afrika Kusini ililiarifu Shirika la Afya Duniani kwamba wataalamu wake wameona namna mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ile iliyopewa jina la Omicron. Wataalamu wa Botswana nao walikuwa wameigundua. Walitangaza upesi, ili walimwengu wapate kujihadhari. Walilipwa nini? Kabla ya juma kwisha, Uingereza, Marekani na nchi nyingi za Ulaya zilitangaza kuwazuia wasafiri watokao kusini mwa Afrika. Siku chache baadaye Uholanzi ilieleza kwamba kirusi hicho kilikuwamo katika vipimo vilivyochukuliwa huko tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kabla ya mbiu kupigwa.

Twauliza basi: je, yatupasa kusema kweli hata ikituletea hasara? Naam, yatupasa, maana uhai wa wengi waitegemea. Lakini adaiye kuambiwa kweli, naye anadaiwa haki. Hatukatai kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda raia zake. Hata hivyo kinga isigeuzwe kuwa adhabu. Na afungaye njia kwa usalama wake, hana budi kumsaidia yule aliyepata hasara kwa kumwonya.

Ukikosekana uadilifu huo, watu hujifunza kunyamaza. Mwaka 2007 Indonesia iliacha kupeleka ng'ambo sampuli za kirusi cha mafua ya ndege. Ilinung'unika kwamba yenyewe hutoa kirusi bure, kisha chanjo hutengenezwa na makampuni ya nchi tajiri, kwa bei isiyowezekana kwa maskini. Manung'uniko hayo yalikuwa ya haki. Njia iliyochaguliwa hatuwezi kuisifu, kwa sababu maarifa yakifichwa, wa kwanza kuumia ni yule asiye na daktari. Lakini mwaka 2011 mataifa yalikubaliana kwamba watengenezaji wanaofaidika na virusi vya mafua vinavyotolewa hivyo watoe nao fedha, dawa au chanjo.

Tena tarehe 20 Mei 2025, mjini Geneva, mataifa yalipitisha Mapatano ya kujikinga na magonjwa ya mlipuko wa dunia nzima. Humo yatajwa kwamba asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vipatikane kwa Shirika hilo wakati wa janga, na angalau asilimia 10 iwe ya bure. Ila namna ya kulitimiza jambo hilo iliachwa ijadiliwe baadaye katika kiambatisho. Kwa hiyo lililo gumu ndilo lililoahirishwa, nalo ndilo kipimo cha unyofu wa wote walioyapitisha.

Wala tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Kijijini kwetu, mtu akikiri kwamba ana kifua kikuu, mara hutengewa kikombe na kiti, hata baada ya kupona. Mwenzake aliyeyaona hayo hukohoa gizani, akiwaambukiza watoto wake. Je, ni nani aliyemfundisha kuficha? Tukitaka kuambiwa mapema, tumpokee vema yule atuambiaye.