Utii wa Kumpokea Ndugu Arudiye



Utii ukitajwa kanisani, wengi hufikiri mara moja juu ya amri: kuitakasa siku ya Bwana, kuacha ulevi, kukaa katika ndoa kwa uaminifu, kutoa sadaka bila kunung'unika. Hayo ni kweli, wala hakuna mtu awezaye kuyapunguza. Lakini liko fungu moja katika nyaraka za Mtume Paulo ambamo utii wa Wakristo wapimwa kwa kipimo kingine. Twapenda kulitafakari pamoja nanyi mwezi huu, hasa ninyi walimu na wazee mnaolichunga kundi katika mitaa iliyo mbali. Fungu hilo ni 2 Wakorintho 2:5-11.

Habari yenyewe ni hii. Katika usharika wa Korintho mtu mmoja alitenda neno lililowahuzunisha wote. Usharika ukamwadhibu, na wengi walikuwa na nia moja katika adhabu hiyo. Sasa mtu yule yumo katika huzuni kubwa. Basi Paulo awaandikia kwamba adhabu imetosha. Wamsamehe, wamfariji, wasimwache azame katika huzuni yake. Na papo hapo, katika mstari wa 9, awakumbusha kwamba aliwaandikia ili aujaribu utii wao katika mambo yote.

Katika mambo yote, ndugu! Walitii walipoambiwa kuonya. Je, watatii wakiambiwa kufariji? Hapo ndipo penye jaribu. Maana moyo wa mwanadamu waona ni rahisi kumhukumu mwenzake, hata pengine waona raha. Bali kumrudia aliyeanguka na kuketi naye, hilo ni zito. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa adhabu ni kazi ya utii, na faraja ni fadhili tu, apendaye aitende na asiyependa aiache. Zote mbili zimeamriwa, na Bwana aliyeziamuru ni mmoja.

Tuangalie tena jinsi Mtume anavyolishika neno hili kwa upole. Kwanza, hamtaji jina mtu yule. Waraka huu umesomwa makanisani tangu siku zile hata leo, lakini aibu ya ndugu huyo haikubandikwa jina lake. Pili, ataka upendo wao uthibitishwe kwake. Neno alitumialo hapo katika Kiyunani ndilo alitumialo katika Wagalatia 3:15, anenapo juu ya agano la mtu likiisha kuthibitishwa, ambalo hakuna awezaye kulitangua. Maana yake, kumpokea aliyetubu si kumwamkia kwa siri njiani, wakati watu hawaoni. Kama kuadhibiwa kwake kulijulikana na wote, na kupokewa kwake kujulikane na wote, kuwe imara kama agano.

Tena neno la kufariji lina utajiri ndani yake. Katika Kiyunani, neno lililo katika 2 Wakorintho 2:7 na lile lililo katika Waebrania 3:13 ni moja; lakini katika Kiswahili mahali pamoja twasoma kufariji, na mahali pengine kuonyana. Hivyo twajifunza kwamba mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Aonyaye bila kufariji humvunja mwenzake. Afarijiye bila kuonya humlaza usingizi mwenzake katika dhambi. Mkristo ameitwa kuyafanya yote mawili kwa kinywa kimoja, tena kila siku, kama Waebrania wanavyofundishwa, wala si siku ya baraza la wazee tu.

Pengine mtu atasema, "Tukimpokea upesi, vijana wataidharau dhambi." Twajibu: Paulo hasemi juu ya mtu aliyeshupaza shingo, bali juu ya mtu aliyezama katika huzuni. Kwa asiyetubu, kazi ya kumwonya ingalipo. Lakini kwa aliyetubu iko hatari nyingine, nayo Mtume aitaja katika mstari wa 11: Shetani asije akapata nafasi. Adui huyu ana milango miwili. Kwa mlango wa kwanza humvuta mtu katika dhambi. Na mtu akitaka kutoka, humzuia kwa mlango wa pili, ndio kukata tamaa. Usharika unaoulinda mlango wa kwanza na kuuacha wazi ule wa pili haujamaliza zamu yake.

Baba zetu katika imani waliliona jambo hili. Dr. Martin Luther, katika makala alizoziandika kwa ajili ya mkutano wa Schmalkalden wa mwaka 1537, anahesabu njia ambazo Mungu hutuletea Injili ya kusamehewa dhambi: mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana, na mamlaka ya funguo. Kisha anaongeza mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Tazameni jinsi alivyoliweka neno la ndugu kwa ndugu karibu na Sakramenti zenyewe! Basi mama mzee asiyejua kusoma, akimtembelea jirani aliyezuiliwa Meza ya Bwana na kumkumbusha kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake, amemletea Injili ile ile ihubiriwayo mimbarani.

Mfano wake twauona kwa Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi wote walimwogopa. Barnaba akamtwaa akampeleka kwa mitume (Matendo 9:26-27). Baadaye Marko alipoiacha safari, Paulo hakutaka kumchukua tena. Barnaba akamchukua (Matendo 15:37-39). Na mwisho wa mambo, Paulo mwenyewe aagiza Marko aletwe, kwa kuwa amfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Je, tungalikuwa na Marko huyo, kama hakuna mtu aliyemshika mkono? Wala Barnaba hakuwa mtu wa kuficha dhambi. Huko Antiokia faraja yake ilikuwa kuwasihi watu waambatane na Bwana kwa moyo wote (Matendo 11:23).

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa tujiulize: mtu akiisha kutengwa, ni nani abishaye hodi kwake kwanza? Mtoto wake akiugua, ni nani apelekaye kuni na maji? Ikiwa wenzake wa kilabuni hufika mbele ya wenzake wa kanisani, tusistaajabu akiwarudia wao.

Kwa hiyo, walimu na wazee, twawasihi: majina ya waliotengwa yasikae katika kitabu tu. Yasomeni katika maombi yenu nyumbani. Kila mmoja wao apewe mtu wa kumwendea. Na siku ya kumrudisha kundini, usharika wote usimame naye, na baada ya ibada jambo lake lisitajwe tena kisimani wala sokoni.

Nawe ndugu uketiye nyuma karibu na mlango, ukitoka kabla ya watu kukutazama, usikate tamaa. Bwana aliyeamuru uonywe ndiye aliyeamuru ufarijiwe. Ukikawia mtu kukujia, ondoka wewe, umwendee mchungaji wako. Kristo hajafunga mlango.

Mungu wa faraja yote atupe sisi sote moyo wa kutii katika mambo yote. Amin.