Huruma Isiyokagua Breki

Siku hizi hakuna mji wa Tanzania usioijua bajaji, na wakazi wa Mbagala, Tandika, Manzese na Mwananyamala huipanda kila siku pasipo kuitazama. Leo twawaomba wasomaji wetu waitazame kwa makini, hata wainame chini ya usukani. Mkono wa kushoto wa dereva hushika klachi na kubadili gia. Mkono wa kuume huongeza na kupunguza mafuta. Miguu nayo yafanya nini? Imebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kukanyaga breki. Basi mtu ambaye miguu yake imepooza au imekatwa amefungiwa nje ya udereva kwa ajili ya pedali moja ya chuma.

Mafundi wa gereji za vichochoroni waliliona jambo hili mapema. Walitwaa nondo au bomba, wakalichomelea kwenye pedali, wakalipandisha mpaka mkono uweze kulifikia. Mtu ambaye watu walizoea kumwona akiomba penye taa za barabarani sasa asimama penye taa zile zile akingoja kijani, na nyuma yake wameketi abiria watatu wenye miguu yao mizima. Nasi twajua jinsi daladala zilivyo: ngazi ndefu, msukumano, na konda asiyetaka kumngoja mwenye magongo. Aliyekuwa akiachwa kituoni ndiye leo awabebaye walioachwa kituoni.

Swali letu leo si la ufundi. Twauliza hivi: anayempa mtu huyu breki ya kuvutwa kwa mkono, je, amemfanyia hisani, au amemrudishia kilicho chake?

Wengi watajibu upesi kwamba ni hisani. Wao hudhani kuna chombo kilicho sawasawa kwa asili, kisha kuna mtu mwenye kasoro, na chombo kimeinamishwa kwa wema ili kimfae. Lakini ni nani aliyeamua kwamba breki ni kazi ya mguu? Breki za baiskeli hushikwa kwa mkono, na breki ya mbele ya pikipiki vivyo hivyo, wala hatujasikia mtu akilalamika. Dereva mrefu husukuma kiti nyuma, dereva mfupi hukivuta mbele, wala hakuna asemaye kwamba wamehurumiwa. Motokaa nyingi tununuazo kutoka Japani zatufaa kwa kuwa wenzetu wale hupita upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kuume. Hivyo kila chombo kimekwisha kupimwa kwa mwili na desturi ya watu fulani. Aliyepimiwa haoni kipimo. Hukiona yule tu ambaye hakikumwenea.

Tena wazee walitufundisha kwamba hujafa hujaumbika. Asemaye kwamba mambo haya si yake na aende Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, akawatazame vijana walioletwa kwa ajali za bodaboda. Franklin Roosevelt alikuwa mtu wa miaka 39, mwenye nguvu na cheo, alipopatwa na ugonjwa wa kupooza mwaka 1921. Baadaye alikuwa rais wa Marekani, na aliendesha motokaa yake mwenyewe kwa vifaa vya mkono. Motokaa mojawapo, Ford ya mwaka 1936, ingali ikitunzwa nyumbani kwake Hyde Park.

Lakini kuna namna na namna ya kumsaidia mtu, na historia ya Uingereza yatupa mfano unaostahili kufikiriwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, fundi mmoja, Bert Greeves, akishirikiana na ndugu yake Derry Preston-Cobb aliyekuwa amepooza, alianza kuunda vigari vya magurudumu matatu kwa watu wasioweza kutumia miguu. Viliitwa Invacar. Serikali ikavinunua na kuwagawia walemavu kwa miaka mingi, na rangi yake ya samawati ilijulikana nchi nzima. Ulikuwa wema mkubwa, hatuukatai. Ila vigari hivyo vilikuwa na kiti kimoja tu. Mama hakuweza kumpakia mtoto wake, wala mume hakuweza kumpakia mkewe. Aliyepewa alikwenda peke yake, na kila mtu alijua kwa ile rangi ni nani apitaye. Mwaka 2003 viliondolewa barabarani, kwa kuwa havikutimiza masharti ya usalama.

Ukikilinganisha kigari kile na bajaji ya Temeke, ni vyombo viwili vinavyokaribiana kwa umbo. Cha kwanza kilitolewa na serikali tajiri, kikambeba mlemavu peke yake. Cha pili kimeungwa kwa nondo na fundi asiye na cheti, nacho chamwezesha mlemavu kubeba wengine na kulisha watoto wake. Sisi twaona cha pili kimeuelewa utu wa mtu kuliko cha kwanza, ijapokuwa waliokiunda huenda hawakuwaza hata kidogo habari za utu.

Hata hivyo yatupasa kusema na lile lisilopendeza. Breki ya nondo yaweza kuua. Mkono hauna uzito wa mguu. Kama nondo ni fupi, dereva atavuta kwa nguvu zake zote na chombo kisisimame. Kama imewekwa upande wa kuume, mkono ule ule unaotia mafuta sharti uache usukani ili ukamate breki, na kwa dakika hiyo ya hatari usukani wabaki na mkono mmoja. Kama imechomelewa vibaya, itakatika siku ile itakapovutwa kwa nguvu kuliko siku zote. Fundi mwema hujua mambo haya. Fundi mwenye haraka hayajui, na abiria hana njia ya kuwatofautisha.

Hapa ndipo huruma yetu inapokwenda upande. Askari amsimamisha dereva, aona magongo, asema, “Haya, pita, mzee,” naye ajiona ametenda jema. La hasha! Kwa kumwachia bila kukagua, amemwambia mambo mawili: kwamba maisha ya abiria wake si kitu, na kwamba yeye mwenyewe si dereva kweli, bali ni mtu wa kuonewa huruma aliyeshika usukani. Dereva hukaguliwa. Asiyekaguliwa huvumiliwa tu, na kinachovumiliwa leo chaweza kukatazwa kesho.

Wala hilo si la kubuni. Bajaji zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji la Dar es Salaam, zile za walemavu ziliachiwa kwa hisani. Mwezi wa Juni 2017 walemavu hao waliandamana wakilalamika kwamba wao nao wamezuiwa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Picha za watu wakiburutwa chini mbali na vyombo vyao ziliwatia wengi simanzi. Pengine wakuu walikuwa na sababu zao juu ya msongamano. Lakini aliyeishi kwa ruhusa ya mdomo hana la kuonyesha siku ruhusa inapoondolewa.

Katika seminari kuu tulifundishwa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, na kwamba sadaka haiwezi kushika mahali pa haki iliyonyimwa. Nchi yetu imekwisha kukubali hivyo hata kwa maandishi. Mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao wahesabu kuwa ni ubaguzi kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayofaa yasiyo mzigo mkubwa kupita kiasi. Na mwaka 2010 ikatunga Sheria Na. 9 ya Watu Wenye Ulemavu. Je, nondo na kazi ya kuchomelea ni mzigo mkubwa kupita kiasi?

Wilaya ya Temeke ina chuo cha VETA pale Chang'ombe, na pale Yombo kuna chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu. Twaona haishindikani kwa walimu wa vyuo hivyo viwili, pamoja na askari wa usalama barabarani na madereva wenyewe, kukaa meza moja wakakubaliana breki ya mkono iwe na urefu gani, ifungwe upande upi na ichomelewe namna gani; kisha dereva apimwe katika chombo chake mwenyewe, na leseni yake itaje breki aitumiayo. Wako watakaosema kwamba tunawaongezea maskini vikwazo. Twajibu kwamba ukaguzi huo usitozwe ada, na breki mbovu irekebishwe badala ya chombo kukamatwa.

Na abiria wa Mbagala ashukaye akiona magongo kando ya kiti cha dereva? Ana haki ya kuuliza kama breki imekaguliwa. Basi na aulize, ila akipanda ile ya nyuma yake amwulize dereva wa pili swali hilo hilo.