Nani Mwenye Mchezo?

Mtungaji wa mashairi ya arudhi amezoea kuulizwa swali moja na wapinzani wake: ubunifu uko wapi, ilhali mizani imekwisha kuhesabiwa na vina vimekwisha kupangiwa mahali pake? Swali hilo la barazani lilifika, kwa njia isiyotazamiwa, mbele ya majaji wa Ulaya. Wao lakini hawakuwa wakizungumzia shairi. Walikuwa wakizungumzia mpira wa miguu.

Kisa chenyewe kilianzia Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Mwanamke mmoja mwenye baa aliona kuwa ada ya kampuni iliyonunua haki ya matangazo nchini mwake ni nzito mno. Akapata king'amuzi na kadi ya kituo cha Ugiriki, akawaonesha wateja wake mechi za Ligi Kuu kwa gharama ndogo. Hakuiba, kwani kadi aliilipia. Kosa lake ni kuwa kadi iliuzwa itumike Ugiriki, naye yuko Uingereza. Akatozwa faini, akakata rufaa, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyotoa hukumu tarehe 4 Oktoba 2011. Februari 2012 hatia yake ikafutwa.

Majaji walisema kuwa kuzuia kadi ya nchi moja isitumike katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya ni kinyume cha soko huru. Walisema na jambo la pili, nalo ndilo lenye uzito kwa wapenda ushairi: mechi yenyewe si kazi ya ubunifu inayomilikiwa kama kimilikiwavyo kitabu, kwa kuwa imefungwa na sheria zisizoacha nafasi ya uhuru wa kubuni. Kinachomilikiwa ni vilivyopambwa juu yake, kama wimbo wa ligi, filamu ya ufunguzi na michoro ya kwenye kioo.

Hoja hii haisimami. Mizani nane haimwambii mshairi aseme nini ndani ya nane hizo, wala sheria ya kuotea haimwambii mshambuliaji ageukie upande gani. Kanuni ndiyo inayoufanya ufundi uonekane. Na hata hivyo natija ya majaji ni sahihi, ila kwa sababu nyingine. Pasi hutungwa na wawili, na umbo lake hutokana na yule wa tatu aliyejaribu kuizuia. Bao ni kazi ya mfungaji, na ni kazi ya kipa aliyechelewa pia. Mchezo ni malumbano: ubeti wa huyu hauna maana bila ya jibu la yule, basi nani atakayesema kuwa ni wake peke yake?

Ikiwa mchezo hauna mwenyewe, kinachouzwa ni mlango. Mwaka 1992, Ligi Kuu ya Uingereza ilipoanza, BSkyB pamoja na BBC waliununua kwa pauni milioni 304 kwa misimu mitano. Kuanzia 2019 hadi 2025 Amazon nayo ilikuwa na fungu lake la mechi, zikitiririshwa kwa intaneti, na mpenzi wa timu moja akahitaji funguo kadhaa. Si haki kuulaani mlango wenyewe. Mkataba wa Azam Media na TFF wa 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, unazifikishia fedha hata klabu ndogo za Bara. Anayetaka kila kitu bure na aseme wachezaji watakula nini. Lakini hata Waingereza, katika sheria yao ya utangazaji ya 1996, walikubali kuwa yapo ya kutofungiwa: fainali za Kombe la Dunia, Olimpiki, fainali ya Kombe la FA. Kisima kikichimbwa kwa fedha, mchimbaji hulipwa. Kiu ya mji ni shauri jingine.

Na kuna kinaya. Mechi inayochezwa Jumamosi saa 9 alasiri, Mwingereza haruhusiwi kuiona moja kwa moja runingani kwao kwa bei yoyote, ili viwanja visikose watu. Kijana wa Ng'ambo au Chake Chake huitazama katika kibanda umiza kwa kiingilio cha shilingi chache. Mwenye kibanda, anayewatoza watu kwa kadi ya nyumbani, ana kosa lililo jirani na la yule mama wa Portsmouth, lakini bila yeye benchi zima lingebaki nje.

Simu sasa inamuuzia kila mtu mlango wake peke yake. Hakuna wa kubishana naye, wala wa kumshika bega. Tena matangazo ya intaneti huchelewa kwa sekunde kadhaa nyuma ya setilaiti, hata aliyejifungia chumbani na simu yake husikia ukelele wa kibandani, akajua kuwa bao limeingia, na kwenye kioo chake mpira bado uko katikati ya uwanja.