Utamu wa moshi katika pua: je, desturi inahitaji sababu?

Tulipokuwa tunatayarisha maonyesho madogo ya vitu vya wazee, tuliletewa kiko kimoja. Kichwa chake ni cha udongo wa kuchomwa, kimekuwa cheusi kwa moto wa miaka mingi. Mrija wake ni wa tete, na pale meno yalipokuwa yanashika pamelika. Aliyekileta ni mama mmoja wa hapa Kolwezi, mjukuu wa mwenye kiko. Kila kitu cha maonyesho kilipaswa kuwa na karatasi yake ndogo, kusudi wageni wajue wanaangalia nini. Mmoja wetu, mwalimu wa zamani na mwenye mkono mwepesi wa kuandika, akaandika palepale: kiko cha kuita mababu, moshi wake ulipanda juu ukibeba maombi ya jamaa. Yule mama akasoma. Akacheka kwanza, kisha akakunja uso.

"Hapana, baba. Kambo hakukuwa anaita mutu. Alikuwa anavuta paka juu ya butamu."

Tukanyamaza. Maana sisi wote tuliokuwa pale tulikuwa tumekwisha kuamini ile karatasi kabla wino haujakauka.

Mama akatueleza namna kambo yake alivyovuta. Ilikuwa jioni, bukari imekwisha kuliwa. Aliketi karibu na moto, akatia tumbako, akaweka kaa juu kwa vidole vyake vilivyozoea. Alivuta kidogo tu, moshi ukabaki mu kinywa, hakuuteremsha kifuani. Kisha akafunga midomo na kuuacha utoke kwa pua, pole pole, sawa vile moshi unavyotoka katika majani ya nyumba mama anapopika ndani. Watoto walimuuliza kwa nini moshi unapita pale. Jibu lake mjukuu amelishika mpaka leo: "Ukiumeza, utakohoa. Ukiutosha mu kinywa, umeutupa. Wacha upite mu mapua, njo utasikia."

Neno hilo "kusikia" si la kupita mbio. Katika Kiswahili chetu mtu anasikia sauti, anasikia njaa, anasikia baridi, anasikia harufu, na akielewa neno anasema pia amesikia. Wafaransa wamegawa kazi hizo kwa maneno mengi. Sisi tumeziacha katika nyumba moja. Mzee yule hakusema ataonja moshi. Alisema atausikia, na alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe. Ulimi peke yake unajua mambo machache: tamu, chumvi, uchungu, ukali wa ndimu, na ule utamu wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoita ladha ni kazi ya pua. Harufu inapanda kutoka nyuma ya kinywa, inapita juu ya koo na kufika pale juu ndani ya pua panapotambua harufu. Ndiyo maana mwenye mafua anakula sombe kama anatafuna karatasi. Basi anayetoa moshi kwa pua anaupitisha mbele ya yule anayeweza kuujua. Anayeutoa kwa kinywa amelipa tumbako yote akala nusu.

Kuna njia nyingine ya pua, ya mbele, nayo ni tumbako ya kunusa. Watshokwe waliipenda hata wakaitengenezea vinu vidogo vya mti vyenye sura za watu, kazi nzuri ambayo leo mtu anaikuta katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Wao wana peshi pia, kiko cha kawaida, na mutopa, kile cha kibuyu ambamo moshi unapita katika maji kwanza. Mtu hachongi kitu namna ile kwa ajili ya haja ndogo. Lakini ona namna tunavyovisoma vitu hivi leo: kinu ni "alama ya ukubwa", kiko ni "daraja la mababu". Inawezekana vingine vilikuwa hivyo. Hata hivyo hatuulizi kamwe kama tumbako ilikuwa nzuri.

Hapa ndipo swali letu lilipo. Kwa nini tunaogopa kusema kwamba wazee walifanya jambo kwa sababu lilikuwa tamu? Mzungu akinywa divai yake, tunakubali kwamba anaipenda. Kambo yetu akivuta kiko, lazima awe anasali. Tunadhani tunampa heshima, kumbe tunamnyang'anya kitu. Tunamfanya mtu asiyekuwa na jioni yake mwenyewe, mtu ambaye kila pumzi yake ni kazi ya ukoo.

Na tumbako yenyewe si ya tangu mwanzo wa dunia. Ilitoka Amerika katika merikebu za Wareno, pamoja na mahindi na mihogo, ambayo bila hiyo hatungekuwa na bukari ya kugombania. Wababu waliipokea, wakaipanda nyuma ya nyumba, wakaipa majina yao: fwaka kwa Wabemba, makanya kwa Watshokwe. Hakuna aliyewalazimisha. Waliijaribu, wakaona ni nzuri. Watu wanaochagua hivyo wana ulimi na pua vyenye kujua.

Mtu anaweza kutukatalia kwa mfano wa Kasai, na mfano wenyewe ni wa kweli. Katika miaka ya 1880 Wissmann, msafiri Mjerumani, aliwakuta kwa Kalamba Mukenge, mkubwa wa Wena Lulua, watu waliojiita Bena Diamba, yaani wana wa bangi. Walivuta pamoja katika kibuyu kikubwa, na moshi ule ulikuwa agano la urafiki na amani kati yao. Basi moshi ulikuwa na maana, na maana nzito. Sawa. Lakini habari hiyo ina upande wa pili: mwenye kosa alihukumiwa kuvuta, na kuvuta tena, mpaka akaanguka bila fahamu. Moshi ni uleule, kibuyu ni kilekile. Tofauti ni nani anayesema "basi, inatosha". Mkubwa alipochukua moshi na kuupa sheria, aliweza kuufanya sikukuu na aliweza kuufanya fimbo. Mzee wa Kolwezi kando ya moto wake hakuwa na mwingine wa kumpimia. Kipimo kilikuwa kinywani mwake.

Tena tufikiri alikuwa mzee wa wakati gani. Alikuwa kijana katika kambi za Union Minière, mahali ambapo kila kitu kilihesabiwa: unga, maharagwe, mafuta, chumvi, posho ya bwana, posho ya bibi, posho ya mtoto. Kampuni ilitaka wafanyakazi wenye nguvu na jamaa zenye kutulia, na ilipima chakula kama fundi anavyopima mafuta ya mashine. Hatusemi watu walilala njaa. Wengi kati yetu tulikua kwa posho ile, na wazee waliilia sana ilipokwisha. Lakini mtu anayepimiwa kila kitu anahitaji kitu kimoja kisichopimwa. Moshi uliokaa mu kinywa mpaka yeye mwenyewe akubali kuuachilia ulikuwa kitu hicho. Haukuongeza tani hata moja ya shaba.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa haki. Mama yule yule alitueleza jambo lingine, safari hii bila kucheka. Usiku tumbako ilipokwisha, kambo aliwaamsha watoto na kuwatuma waende kuomba kwa jirani, hata mvua ikinyesha. Aligombana na bibi yake juu ya makuta ya tumbako. Asubuhi mikono yake ilitafuta kiko kabla ya kutafuta maji ya kunawa. Basi ni nani aliyekuwa anasema "inatosha"? Tumemsifu mzee kwa kipimo chake, na sasa tunaona kwamba kipimo kilikuwa cha jioni tu. Tumbako ina kamba yake, na haimwachi mtu kwa sababu hakuuteremsha moshi kifuani. Moshi wa kiko unapenya kwa ngozi ya kinywa na kuingia katika damu, na unaleta kansa ya kinywa na ya koo.

Kwa hiyo utamu ulikuwa wake, na kamba pia ilikuwa yake. Sisi hatuoni namna ya kutenganisha hizo mbili, na hatuwaamini sana wale wanaozitenganisha haraka. Wako watakaosema: tuache tumbako, tushike hekima ya kwenda pole pole. Hekima gani bila tumbako? Mzee hakuwa anafundisha kwenda pole pole. Alikuwa anavuta. Polepole ilikuja kwa sababu ndiyo njia ya kuusikia moshi vizuri. Vijana wetu ba-creuseurs wanavuta sigara kwa haraka pembeni ya shimo, nusu kwa mmoja na nusu kwa mwenzake, sababu kamba ya kushukia inangoja. Tusiwahukumu kwamba hawana adabu ya wazee. Adabu ile inahitaji jioni, na jioni ni mali.

Inahitaji na pua. Anayekaa kando ya barabara ya magari makubwa ya madini, wakati wa kiangazi, anajua pua yake inajaa nini. Vumbi linaingia bila kubisha hodi, mchana na usiku, na jioni mtu anapenga kamasi nyekundu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Tukiwaza hivyo, yule mzee aliyechagua ni nini kipite puani mwake, na kwa mwendo gani, anatuonyesha uhuru ambao wengi wetu hatuna tena, hata sisi tusiovuta.

Tulirudi kwenye karatasi. Mwalimu wetu, ambaye si mtu wa kushika ukaidi, alichana ile ya kwanza na kuandika nyingine: "Kiko cha udongo na tete. Mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Alivuta jioni, na moshi aliutoa kwa pua, kwa kuwa ulikuwa mtamu." Tukampa mama asome. Alisoma mara mbili, akasema ni vizuri, lakini tuongeze kwamba alikufa kwa ugonjwa wa koo.

Tukaongeza.